Kwenye Shajara, Mama Zetu Wako Wapi?

Siwa ya Pate, baragumu la kifalme la mji ule wa kisiwani karibu na Lamu, imechongwa kwa pembe ya ndovu. Ni ndefu kuliko mtu mzima, na hupulizwa kwa tundu lililotobolewa ubavuni. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu, pamoja na siwa ya shaba ya Walamu wenyewe. Anayetaka kujua nembo ya ukoo ilikuwa kitu gani kwa Waswahili, kabla ya vyeti na mihuri ya ofisi, na aanzie hapo. Akianzia hapo, mtu wa kwanza atakayekutana naye ni mwanamke.

Masimulizi ya Pate yanamtaja kwa jina: Mwana Darini. Alikuwa wa nyumba ya kifalme, na alitaka kumtahiri mwanawe kwa sherehe ya hadhi yake. Akaomba siwa, akanyimwa. Enzi hizo kijana wa daraja ile kutahiriwa bila siwa ilikuwa sawa na kutangaziwa mji mzima kwamba si mwenzao. Mwana Darini hakulia wala hakumwendea mtu kumwangukia. Alitafuta fundi hodari, akamwagiza amchongee siwa nyingine, na hiyo ndiyo siwa ya pembe tunayoitazama leo, kazi ya karne ya 17. Wafalme waliomnyima wametajwa kwenye orodha za nasaba mmoja baada ya mwingine, fulani bin fulani. Yeye aliyeacha kitu cha kushikika hayumo kwenye orodha hizo. Yumo kwenye hadithi tu.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na leo nalisema wazi: nasaba tunazozitunza ni nusu. Ile nusu nyingine ipo, inajulikana, inafanya kazi kila siku katika maisha yetu, ila hatuiandiki.

Kwanza tumalize habari za nembo. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mmoja wa watu aliosafiri nao aliandika walichokiona. Mfalme wa Malindi alikuwa ameketi chini ya mwavuli mkubwa wa satini nyekundu, na mbele yake wapigaji wa siwa mbili za pembe, zilizonakshiwa vizuri, kila moja kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Mgeni yule hakujua kusoma alama zile, lakini alitambua kwamba ni alama. Mwavuli, siwa, ngoma kuu, kiti cha enzi cha mpingo kilichopambwa kwa pembe, joho, namna kilemba kinavyofungwa: kwa vitu hivi mtu wa pwani alimjua mwenzake ni wa mlango gani na ana haki ya nini. Haki yenyewe ilitumika mbele ya watu, harusini, kwenye tohara, siku ya kutawazwa mfalme. Siwa isiyopulizwa haikumpa mtu chochote.

Nalitaja hili kwa sababu mtoto wa binamu yangu, aliyezaliwa na kukulia Leicester, aliniandikia mwaka jana akitaka nembo ya ukoo wetu aiweke kwenye kadi ya harusi. Alikuwa ameona kwenye intaneti watu wanaouza ngao zilizochorwa tayari: unaandika jina la ukoo, unalipa, unaletewa picha ya simba na jambia na utepe wenye maneno. Nilimweleza kwamba hata Uingereza kwenyewe mambo hayaendi hivyo. Chuo cha Nembo cha London kipo tangu 1484, na nembo kinayotoa ni ya mtu mmoja na kizazi chake. Kila mwenye jina linalofanana hawezi kujichukulia. Kenya nayo ilitunga sheria ya kuwa na chuo chake cha nembo mwaka 1968, kwa hiyo anayeitaka kwa njia halali pa kuulizia papo. Katika kusoma habari hizo nilikuta jambo lililonikaa moyoni: kwa kawaida ya zamani ya Waingereza, mwanamke hachorewi nembo yake juu ya ngao, kwa kuwa ngao ni ya mpiganaji. Anachorewa juu ya umbo la almasi. Na nembo ya baba yake haiwafikii watoto wake ila akiwa hana ndugu wa kiume. Kumbe nasi hatuko peke yetu.

Sasa nije nyumbani. Shajara ya ukoo wetu, yaani mti wa nasaba uliochorwa, imetundikwa sebuleni kwa ami yangu, Mombasa, Mji wa Kale. Imeandikwa kwa mkono, kwa hati ya Kiarabu, wino mweusi na mwekundu. Shina limeanzia chini kwa mzee wa kwanza aliyeshuka Lamu kutoka Hadhramaut, Yemen, kisha matawi yanapanda, na kila jani ni jina la mwanamume. Ami anaijua yote kwa moyo. Akija mgeni anamsimamisha mbele yake na kumwonyesha kwa kidole, bin, bin, bin, mpaka juu kabisa kwenye majani ya wadogo zangu. Naipenda shajara ile. Nimeisoma tangu sijaijua vizuri hati yenyewe, na kila anayedharau kazi ya wazee walioiandika simwelewi. Walichukua taabu kubwa kupeleka barua Tarim, mji wa huko Hadhramaut, na kurudi ili jina moja tu lithibitishwe.

Lakini hamna mwanamke hata mmoja. Shangazi zangu hawamo, mimi simo. Yule mzee wa kwanza alifika peke yake kwa jahazi, na juu yake pamechipua watoto.

Na ajabu ni kwamba ukizisikiliza habari za kale za pwani, zenyewe hazifichi. Habari za Pate zinasema Sulaiman wa Nabahani alikuja kutoka Omani, akamwoa binti wa mfalme wa Wabatawi waliokuwa wakitawala Pate. Fungate ilipokwisha alikwenda kumwamkia mkwewe, naye akampa ufalme kuwa ndiyo zawadi ya harusi. Masimulizi yanaiweka habari hii mwaka 600 wa Hijria, yaani karibu 1203, tarehe ambayo wanahistoria wengi wanaona ni ya mapema mno. Tarehe na ibishaniwe. Kilichosemwa ni kwamba Wanabahani walipata Pate kwa njia ya mke, na jina la mke huyo halikutajwa. Kilwa nako, wanaposimulia jinsi mgeni wa Kishirazi alivyokinunua kisiwa kwa nguo zilizotandikwa, wapo wanaoongeza kwamba alimwoa binti wa Mrimba, mwenyeji wa pale. Mombasa wenyewe, kabla ya Shehe Mvita ambaye mji umechukua jina lake, humtaja Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea. Kila mji mkubwa, ukichimba chini ya majina ya wanaume, unamkuta mwanamke aliyekuwa na ardhi kabla mgeni hajafunga jahazi.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambao Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wetu Mkenya, alikuwa miongoni mwa walioufanya. Walipima vinasaba vya mabaki ya watu 80 wa zamani, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Waliona kwamba kuanzia kama mwaka 1000 damu ya Afrika na ya Asia zilichanganyika, na huyo mgeni wa Asia zaidi alitoka Uajemi, pamoja na kiasi fulani cha Uhindi. Magazetini na mitandaoni watu waligawanyika palepale: hawa wanasema mnaona, sisi Washirazi kweli, na wale wanasema mnaona, nyinyi Waafrika tu. Ule ubishi wetu wa siku zote ukapata kuni mpya.

Mimi nilisimama kwenye sehemu nyingine ya utafiti ule. Chembe zinazorithiwa kwa mama peke yake zilikuwa karibu zote za Afrika. Zile zinazorithiwa kwa baba peke yake nyingi zilikuwa za Asia. Maana yake shajara hazikusema uongo; kuna babu aliyevuka bahari. Lakini alipofika alioa hapahapa, na mwanawe akaoa hapahapa, na lugha waliyowalea nayo watoto ni ya mama. Ni kweli makaburi yaliyopimwa mengi ni ya wakubwa wa miji, waliozikwa karibu na misikiti, kwa hiyo hatuwezi kuchukua matokeo yale tukamvisha kila mtu wa pwani. Hata hivyo kwa familia zinazotundika shajara ukutani, utafiti ule uliandika jina lililoachwa: nusu ya pili ilikuwapo, na ilikuwa na kwao.

Nilipoanza kuitafuta nusu hiyo kwa upande wetu, nilimwendea nyanya yangu Lamu, mama mzaa baba. Nilifanya kama ami alivyonifundisha: nikafungua daftari na kumwuliza, mama yako ni binti nani, na mama yake ni binti nani. Alinijibu mawili matatu kisha akasita. Alikuwa anasuka ukili, vidole haviachi kwenda, macho yako mlangoni. Mwishowe akaniambia, "Mwanangu, hivyo sivyo tulivyojifunza. Niulize za nyumba."

Nikamwuliza za nyumba, na hapo sikuweza tena kumfuata kwa kalamu. Nyumba yenye daka refu alijengewa Mwana Esha alipoolewa. Ghorofa ya juu ikaongezwa binti yake wa pili alipofika wakati wake. Ile ya ng'ambo ya njia alipewa binti wa dada yake, ndipo wakajenga wikio kuziunganisha, ili wanawake wapite juu bila kushuka njiani. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za ndani kwa fulani zilichongwa na fundi yuleyule wa nyumba ya Mwana Esha, kwa sababu mama zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Alikuwa akitaja nyumba na kila nyumba ikimtoa mwanamke, na mwanamke akiwatoa mabinti, na mabinti wakitoa nyumba. Wanaume walipita katika maelezo yake kama watu waliokuja kuoa na kuhamia, jambo ambalo ndilo lililokuwa kawaida kwa waungwana wa Lamu: binti hupewa nyumba, mume humfuata. Baada ya alasiri ile nilikuwa na vizazi sita vya wanawake, kila mmoja na mahali alipolala, ilhali ami angehitaji wiki ya barua kupata hivyo.

Watalii wanaokuja kuutazama Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, huonyeshwa wikio wakaambiwa ni ufundi wa ujenzi. Ni kweli. Vilevile ni nasaba: ukijua ni akina nani waliokuwa pande mbili za njia, umejua ni nani mama yao mmoja.

Tena nasaba hii ya kina mama haikai kama pambo. Miaka michache iliyopita kijana wa jamaa zetu alileta posa kwa binti wa jamaa zetu wengine. Kwenye shajara hawakuwa na kizuizi. Matawi yao yameachana mbali. Wazee wa kiume walikwisha kukubali na siku ikatajwa. Nyanya aliposikia majina alinyamaza kidogo, akauliza, "Huyu si yule aliyenyonyeshwa na mama wa binti, wakati mamake alipolazwa?" Walipohesabu na kuulizana wanawake watatu waliokuwapo, ikathibiti kwamba mtoto alinyonya siku nyingi, zaidi ya kiasi kinachohitajika. Ni ndugu wa ziwa. Ndoa ikavunjika kabla haijafungwa, na pande zote mbili zilimshukuru. Hakuna shajara ya pwani niliyopata kuiona inayoandika nani alimnyonyesha nani, ingawa jambo hilo linaharamisha ndoa sawasawa na damu. Linakaa vichwani mwa wanawake, na wanawake hao wanakufa.

Kuna mahali pengine jina la mama linatangulia, nako ni kaburini. Mwenye kuhudhuria maziko ya Kishafi kwetu anajua: maiti akishafukiwa, msomaji hukaa upande wa kichwa akamsomea talkini, na humwita kwa jina la mama yake. Kama jina hilo halijulikani, huitwa mwana wa Hawa. Nimesimama mbali, upande wa wanawake tuliobaki nyumbani, nikiletewa habari na kaka yangu kwamba siku ya kumzika mjomba fulani wanaume walitazamana pale msomaji alipouliza jina la mama wa marehemu. Watu waliokuwa wanaijua nasaba ya baba yake mpaka Tarim walishindwa kulitaja jina la mwanamke aliyemzaa. Akaitwa mwana wa Hawa. Hakuna kosa la kisheria hapo, ila niliposikia nililia zaidi ya nilivyolia alipokufa.

Nimefika sasa kwenye jambo linalotugombanisha, mimi na ami, na ndilo lililonifanya niandike.

Jani moja kwenye shajara yetu, la baba wa babu yangu, lina maneno madogo chini yake ambayo majani mengine hayana. Yamefutwa kwa kisu kikali. Ukisogeza taa unaona karatasi imekwanguliwa. Nyanya ndiye aliyenieleza. Mama wa mtu yule alikuwa suria. Aliletwa na jahazi kutoka Kilwa akiwa mtoto mdogo, kabla ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, na kwao kulikuwa bara, upande wa ziwa Nyasa. Kwetu aliitwa Zafarani. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelijua. Alizaa mtoto mmoja wa kiume, mwenye nyumba akamkubali, na kwa sheria mtoto akawa muungwana kamili anayerithi, na mama naye akawa huru bwana wake alipokufa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nyanya hakumwona, lakini mkwewe alimwona, akala mkononi mwake, na ndiye aliyemhadithia: kwamba Zafarani alikuwa mkali wa usafi, kwamba alipika uji wa mtama kwa namna isiyojulikana na mwingine pale mjini, kwamba akiwa peke yake aliimba kwa lugha ambayo mwanawe mwenyewe hakuielewa.

Sisi sote tulio juu ya jani lile, na ni wengi, tumetoka tumboni mwake. Ami pia.

Wala si jambo la nyumba yetu tu. Salme, binti wa Seyyid Said wa Unguja, aliyeandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, anasema baba yake aliacha watoto 36, na wote walizaliwa na masuria. Wana wale ndio waliotawala Unguja na Maskati. Hakuna aliyeona ufalme wao umepungua kwa hilo. Salme aliona fahari kumtaja mama yake kwa jina, Jilfidan, na kueleza alivyotekwa akiwa mtoto huko Cherkessia, upande wa Kaukazi. Sisi tunaofuta kwa kisu tumekuwa wakali kuliko masultani.

Ami haniambii kwamba ni uongo. Anajua ni kweli. Anachosema ni kwamba watu watatucheka, kwamba mabinti zetu watakosa wachumba, na kwamba mtu husitiriwa. Nimemjibu kwa adabu zote, maana ndiye aliyenifundisha kusoma hati ile: sitara ni ya aibu, na aliyeibwa utotoni akauzwa hana aibu ya kusitiriwa. Aibu kama ipo ni ya waliomnunua, na hao majina yao tumeyaandika kwa wino mwekundu. Utumwa ulikomeshwa kisheria pwani yetu mwaka 1907. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado tunamficha mwanamke ambaye bila yeye ami asingekuwa na shajara ya kumwonyesha mgeni.

Kwa sasa ninatayarisha shajara mpya. Mpwa wangu anaichora kwa kompyuta, mimi najaza majina. Kila jani lina majina mawili, baba na mama, na mabinti wana majani yao. Pembeni kuna orodha ya nyumba za Lamu kama nyanya alivyozitaja, na ukurasa wa pekee wa ndugu wa ziwa, ambao hautatundikwa ukutani lakini kila mama wa nyumba atapewa nakala. Mtoto wa binamu yangu wa Leicester ndiye anayelipia uchapaji; nilimwambia pesa za ile ngao ya simba na jambia azilete huku, na amekubali. Shangazi zangu wameleta majina ambayo sikuyatarajia, mengine kutoka Barawa, mengine kutoka Ngazija, na mmoja ametaja bibi wa Kipokomo aliyekuja kuolewa kutoka Mto Tana.

Ami ametoa shauri lake: pale kwenye jani la baba wa babu, paandikwe "mama wa mtoto" bila jina, kwa ajili ya amani. Nimelikataa. Tumekubaliana kwamba suala liamuliwe na nyanya, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu sote na ndiye aliyepokea habari kwa mkwewe. Nyanya ameshasema kwa simu, mbele ya ami, kwamba jina liandikwe, na liandikwe Zafarani wa Nyasa. Ami amesema atalifikiria mpaka baada ya Ramadhani.